Kimo cha Ngamia Aliyebeba Nyumba

Wanaume wa Garissa wanajua ngamia, hilo hakuna wa kuwabishia. Mwonyeshe yeyote unyayo kwenye mchanga, atakwambia ni dume au jike, ana mimba au hana, na pengine atakutajia na mwenyewe. Lakini muulize nyumba inavyopanda juu ya mgongo wa ngamia siku ya kuhama, utaona anaanza kuangalia viatu vyake. Hajui. Siku ya kuhama yeye ametangulia na mifugo tangu alfajiri, na nyumba ameiacha kwa mwenyewe, yaani mke. Mke ndiye aliyeijenga, ndiye anayeibomoa, ndiye anayeipakia, na wakifika waendako ataisimamisha upya, mume aje jioni aingie ndani aulize chai iko wapi. Naanza na hili kwa sababu ndilo lililotuponza, na kwa sababu wapo watu mjini hapa mpaka leo wanaosema Osob aliuza njia ya mifugo. Hakuuza. Anayesema hivyo hakuwepo, au alikuwepo akanyamaza, na hao wa pili ndio wanaoniudhi zaidi.

Osob ni muuza maziwa wa mtaa wa Galbet, mjini hapa. Mama mrefu, mkavu, anayekaribia sitini, viganja vigumu kwa kamba alizozivuta ujana mzima. Alizaliwa porini upande wa Ijara na huko ndiko alikojulikana, na sifa yake ilikuwa moja: kupakia. Kila mwanamke wa kule anapakia, lakini mzigo wa Osob haukuwahi kulala upande. Kwanza mikeka mgongoni, kisha vyombo, kisha zile fito ndefu za nyumba zilizopindwa kama upinde, anazisimamisha huku na huku mpaka ncha zake zinapita kichwa cha ngamia na kuelekea mbinguni, kisha anafunga kamba ya mwisho kwa goti lake. Mama mkwe akitaka kumfundisha mke wa mwanawe alikuwa anamwita Osob, na Osob alikuwa anakuja, anatukana kidogo, anafundisha.

Mumewe alifariki mapema. Baada ya miaka miwili kaka yake Osob naye akafa, na mtoto wa kaka, Awil, akiwa na miaka sita, akaangukia mikononi mwake. Akamlea pamoja na binti yake Yurub. Awil alikuwa na kichwa chepesi, mwalimu wa porini mwenyewe alisema huyu asipopelekwa shule ni dhambi. Ukame ulikuwa umeshamwachia Osob ngamia mmoja tu wa maana, dume la kubebea nyumba, wenyewe wanamwita awr. Ukimuuza huyo huhami tena. Osob alimuuza ili Awil aingie sekondari ya bweni, akaja Galbet, akasimamisha chumba cha mabati. Yurub akaolewa porini, na tangu hapo kila asubuhi gari la kutoka huko linashusha stendi madumu ya maziwa ya ngamia wa Yurub na wakwe zake, na Osob anayauza sokoni. Hivyo ndivyo anavyoishi, na hivyo ndivyo anavyopata habari za mwanawe: dumu likija na kitambaa chekundu mdomoni, wako salama, likichelewa, anapiga simu.

Basi ikaja hadithi ya treni. Reli ya mwendo kasi, kutoka pwani, ipite kwetu, ipande kaskazini, na tawi moja liende Nairobi. Kabla hata kigingi kimoja hakijapigwa ardhini, nchi nzima ilikuwa imeshagawanyika. Kwenye redio, asubuhi anaingia mchumi anasema mabilioni haya yangejenga hospitali ngapi, mama zetu wanajifungulia kwenye tuktuk nyie mnanunua treni. Mchana anaingia mwingine anasema tumeachwa nyuma tangu uhuru, kila kitu kinachokuja kwetu ndiyo kinaanza kuitwa ghali. Kwenye runinga ya Nairobi bwana mmoja mwenye tai alicheka mpaka akakohoa, akasema serikali inawajengea ngamia treni. Maneno hayo yalituuma wote, hata wale waliokuwa hawaitaki hiyo treni.

Osob alikuwa upande wa treni, na alikuwa upande huo kwa makelele. Sokoni alikuwa hampi mtu nafasi. "Maziwa yangu yanaganda hapa saa nne asubuhi," aliwaambia wenzake. "Nairobi wanayatafuta kwa tochi. Treni ikija nitayapakia saa moja na mtu ayanywe huko saa nne. Nyie endeleeni kuyageuza siagi." Wenzake walimcheka wakamwita Waziri wa Reli. Jina likamkaa, na sidhani lilimchukiza.

Sababu nyingine ya kuipenda treni ilikuwa Awil. Kijana alishamaliza chuo, na mradi ulipomwajiri kuwa afisa wa uhusiano na jamii, Osob alitembea wiki nzima kama aliyepandishwa cheo yeye. Kazi ya Awil ilikuwa kusimama katikati: wahandisi wakitaka kitu kwa wafugaji anawapelekea, wafugaji wakiwa na neno analirudisha kwa wahandisi. Kazi nzuri kwa mtu mwenye haya usoni.

Sasa tuje kwenye kivuko. Kusini mwa mji kuna njia ya malka, njia ya mifugo kushukia mtoni Tana wakati wa kiangazi. Haina kibao wala ramani, lakini inapitwa tangu babu za babu. Reli ingeikata njia hiyo katikati, juu ya tuta la udongo lenye uzio pande zote mbili. Wahandisi walisema hapana neno, tutaacha kivuko chini ya tuta, ngamia watapita chini na treni itapita juu. Tuambieni tu ngamia ana kimo gani.

Mzee Salat, mwenyekiti wa kamati ya malisho, akaleta ngamia wake anayemjivunia kuliko wote mpaka soko la mifugo. Injinia akasimamisha fimbo ya kupimia, ngamia akainua shingo, watu wakasogea. Mita mbili na sentimita themanini. Tufanye mita tatu, akasema injinia, na juu yake tuache nusu mita, mwanya wa kutosha. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika, wakatia sahihi, wakapigwa picha. Wanaume ishirini na mmoja walikuwa pale, wote wamezaliwa juu ya ngamia, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba kwenye njia ile ngamia hapiti mtupu.

Osob alikuwa upande wa pili wa soko na madumu yake. Aliona. Hakuingilia, maana mwanamke kwetu haingii kwenye baraza la wazee akawakosoa hadharani, tena mbele ya mgeni. Alingoja mpaka Awil alipokuja kula kwake.

"Eddo," Awil alisema, na eddo kwetu ni shangazi, "umeona tulivyopima?"

"Nimeona. Mmempima ngamia. Nyumba hamkuipima."

Awil aliacha kutafuna. Porini alikuwa anatangulia na mifugo kama wavulana wote, kisha akaenda bweni, kupakia hajawahi kukutazama. Osob akaeleza kwa mikono, ncha za fito zinafika wapi, na Awil akashika kichwa. Kwa siku zile, nasema ukweli, kijana alifanya kama inavyopaswa. Alimwendea Mzee Salat. Mzee akasema, "Huyo mama ana haki. Lakini usinitangazie."

Porini kwa Yurub wakwe zake walikuwa wameshakataa. Walisema mtu yeyote akija na vigingi vyake atarudi navyo begani. Wamewahi kuahidiwa visima, wamewahi kuahidiwa barabara, wanaijua sauti ya ahadi kwa mbali. Osob akaenda mwenyewe. Akakaa nao siku mbili, akanywa chai yao, akasikiliza matusi yao, mwisho akawaambia: "Mtoto wangu yuko ndani ya hiyo kazi. Nyumba zenu zitapita zikiwa zimepakiwa. Zisipopita njooni mniulize mimi." Baba mkwe wa Yurub, mtu asiyeamini hata jua mpaka limchome, alimtazama na kusema sawa. Ndivyo vigingi vilivyopigwa, kwa neno la Osob na si la mtu mwingine. Wangalikataa, mstari ungalichorwa upya.

Siku wanahama, Awil alifika na gari la mradi, fimbo ya kupimia na simu ya kupigia picha. Osob hakumpa Yurub nafasi. Alipakia yeye, baada ya miaka kumi na tano bila kupakia, na wanawake wa boma wakaacha kazi zao wakaja kutazama. Awil alipiga picha moja kabla, Osob amesimama na kamba kando ya ngamia mtupu. Akapiga nyingine baada ya mzigo kukaa. Ngamia akainuka, fito zikapanda naye, na Awil akasimamisha fimbo, Yurub akiishika chini isiyumbe. Mita nne na sentimita kumi.

Awil aliandika. "Nitawaambia mita tano," alisema, "ili hata upepo ukizisukuma fito zisiguse. Nimekupa neno langu, eddo."

"Usinipe mimi," Osob alimwambia. "Wape hawa."

Akageuka akawapa, kwa jina la Mungu, mbele ya wanawake wote na baba mkwe.

Ikapita miezi minane. Makelele ya Nairobi hayakupoa, yalizidi. Gharama zimepanda, kamati imeundwa, kamati imeahirishwa, wabunge wanatoleana macho, magazeti yanachora treni inayokula mahindi ya maskini. Mwisho ikasemwa mradi utaendelea, ila upunguzwe. Popote penye kupunguzika papunguzwe. Awil akaanza kuja Galbet mara moja kwa mwezi badala ya kila Ijumaa. Akija, simu haiachi mkono. Osob akiuliza kivuko, anajibiwa "kiko kwenye mchoro, eddo," na kweli kilikuwa kwenye mchoro, hakudanganya hapo.

Asubuhi moja Osob alimsikia redioni, kwenye kipindi cha kupiga simu. Mtu wa Wajir akapiga akauliza kama wafugaji waliulizwa chochote. Awil akajibu kwa sauti tulivu kwamba jamii ilishirikishwa tangu mwanzo, na vipimo vya vivuko vilitolewa na jamii yenyewe. Osob aliongeza sauti ya redio mpaka soko zima likasikia. "Huyo ndiye mtoto niliyemlea," alimwambia kila mteja, na wapo waliopata kikombe cha bure siku hiyo.

Basi kikaja kikao cha mwisho cha kukusanya maoni, mjini, chini ya hema kubwa jeupe. Baada ya hapo kandarasi inatiwa sahihi na mlango unafungwa. Osob alifunga biashara mapema, akavaa guntiino lake la sikukuu, lile vazi la kufungwa begani, na mtandio mpya, akakaa nyuma na wanawake. Mbele kulikuwa na injinia mkuu, si yule wa fimbo, mtu wa bara, mpole, mwenye miwani. Kando yake Awil na kipaza sauti, akitafsiri. Mzee Salat na kamati yake mstari wa kwanza, chupa za maji mbele yao.

Injinia akaonyesha mchoro kwenye kitambaa cheupe. Tuta, treni juu, na chini yake tundu, na ndani ya tundu ngamia mdogo aliyechorwa vizuri sana, mtupu. Pembeni pameandikwa mita tatu na nusu.

Osob alidhani ameona vibaya. Akamuuliza msichana wa jirani amsomee, naye akamsomea. Tatu na nusu.

Akainuka. Wanaume waligeuka, na wengine wakatoa ile sauti ya ulimi ya kudharau. Hakungoja kupewa kipaza sauti, wala hakungoja kutafsiriwa. Aliongea Kiswahili chake cha sokoni, kile anachouzia maziwa.

"Mzee injinia, hii shimo iko fupi. Nyumba yetu haipiti."

Injinia akainamisha kichwa amsikie vizuri. "Nyumba, mama?"

"Nyumba. Sisi tunahama na nyumba, iko juu ya ngamia. Ile mti yake inasimama juu, hivi. Mita nne na kidogo. Ilipimwa."

Injinia hakucheka. Ninampa haki yake, hakucheka wala hakumkatiza. Akafungua ripoti nene, akapekua, akasimamisha kidole. "Mama, jina lako nani?"

"Osob."

"Basi ni wewe. Kipimo hiki kinasema kimetoka kwako." Akageuza kitabu kuelekea watu na kusoma polepole. Kimo cha juu kabisa cha mnyama kwenye njia ya malka, mita mbili na sentimita themanini. Kimethibitishwa na Osob, mama mfugaji mwenye uzoefu wa miaka arobaini. Na chini yake picha: Osob amesimama na kamba mkononi, kando yake ngamia mtupu.

Osob alitazama picha ile na kwanza hakuelewa, akili ilikataa kuelewa. Kisha akamtafuta Awil kwa macho. Awil alikuwa anasoma karatasi yake, na kwa jinsi nilivyoambiwa na waliokaa mbele, karatasi ile ilikuwa haina kitu.

"Lakini hoja yako ni nzito," injinia akaendelea. "Sikuwahi kuambiwa habari ya mzigo. Kama kuna kipimo kingine, bado leo naweza kukiingiza, kikao hakijafungwa. Nitapeleka mbele, nitapigania." Akamgeukia Awil. "Awil, kuna kipimo kingine kilichofanyika?"

Hapo ndipo mahali penyewe. Kijana hakuwekewa kisu shingoni wala hakuulizwa kwa mtego. Mkubwa wake mwenyewe alikuwa amemfungulia mlango na kuushikilia. Kilichotakiwa ni neno moja, na simu yenye ile picha ya pili ilikuwa mfukoni mwake.

Awil alimtazama shangazi yake. Alimtazama kwa macho makavu, kama unavyomtazama mtu wa kwenye foleni.

"Hapana," alisema kwenye kipaza sauti. "Hakuna kipimo kingine."

Osob akamgeukia Mzee Salat. "Mzee, wewe unajua. Uliambiwa." Mzee akashika chupa yake ya maji na kuifungua taratibu, akanywa, akaifunga. Angesema ninajua, angekuwa amekiri mbele ya hema zima kwamba wanaume ishirini na mmoja walimpima ngamia na kuisahau nyumba. Akaona bora mama wa watu aonekane mzushi. Wale wengine ishirini nao wakawa wanaangalia kitambaa cheupe kana kwamba kuna sinema.

Awil akaongeza, kwa Kisomali sasa, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko ukali: "Eddo, mkifika pale mnashusha mzigo, mnapita, mnapakia tena upande wa pili. Na watu wengi siku hizi wanahamia kwa lori."

"Nyumba thelathini," Osob alimjibu, "ngamia wana kiu ya siku sita, wameshanusa mto, na unataka wanawake washushe na kupakia. Unajua kupakia nyumba moja kunachukua muda gani? Ulisimama hapo ukatazama, Awil. Ulisimama na saa mkononi."

Injinia, asiyejua Kisomali, akafunga ripoti, akashukuru watu kwa kufika. Pakaletwa pilau.

Awil alimfuata nje, kwenye jua, pale tuktuk zinapongoja. Alikuwa anahema. Alisema maneno mengi na mengine yalikuwa ya kweli. Treni ya kasi haipandi ghafla kama gari. Ukiinua kivuko kimoja mita moja na nusu, unainua tuta kilomita nzima huku na kilomita nzima kule. Na vivuko ni kumi na kimoja. Alipeleka mita tano zake mwanzoni, wallahi alizipeleka, lakini ofisini hazikupita hata meza ya kwanza, aliambiwa gharama ikiongezeka sehemu hii Nairobi watapata sababu ya kuikata Garissa kabisa, na yule bwana wa tai atacheka tena. Wakamwambia alete kipimo ambacho mradi unakimudu, kilichothibitishwa na jamii.

"Nilikuwa nachagua, eddo. Treni iwepo na kivuko kifupi, au isiwepo. Wewe mwenyewe uliitaka hii treni kuliko mtu yeyote. Nilichagua kwa ajili yetu."

Osob akamgeukia. "Umechagua. Sawa, mtu mzima anachagua. Basi ungeandika jina lako. Kwa nini umeandika langu?"

Jibu walilijua wote wawili. Jina lake porini halina uzito wowote. La Osob ndilo ambalo hakuna mtu angelibishia, kwa sababu ni yeye aliyepakia, na mzigo wake haukuwahi kulala upande. Alimtumia shangazi yake kwa kile kile alichoheshimiwa nacho.

"Nilikupeleka kwao," Osob alisema. "Walikuwa wamekataa. Niliwaambia mtoto wangu yuko ndani."

Akapanda tuktuk. Awil alikuwa ameshika chuma cha tuktuk na dereva hakujua aondoke au angoje, mpaka Osob alipomwambia twende, na chuma kikamtoka Awil mkononi.

Alipofika Galbet hakuingia ndani. Alikaa kizingitini, mtandio wa sikukuu umemwangukia mabegani, akapiga simu kwa Yurub. Alikusudia kumweleza mwenyewe kabla hajasikia kwa watu. Njiani kote alikuwa amepanga maneno, aanzie wapi, amtaje Awil lini. Simu iliita mara moja tu ikapokelewa.

"Hooyo," Yurub alisema, mama, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu asiye peke yake. "Picha tumeiona."

Mtu mmoja wa pale hemani alikuwa ameshaupiga picha ule ukurasa na kuutuma. Siku hizi habari mbaya haingoji gari. Ilikuwa imeshazunguka Garissa, Ijara, mpaka porini kwenye simu moja ya boma yenye chaji.

"Yurub, sikiliza. Si mimi niliyesema vile."

"Najua, hooyo. Nilishika fimbo mimi. Nimewaambia hivyo, nimewaapia. Wanasema kipimo walikiona nao, ila wewe ulikiuza baadaye mjini, na mimi namkinga mama yangu. Baba mkwe anasema angekubali kudanganywa na serikali, ameshazoea, lakini wewe alikukaribisha kwake ukala chakula chake. Hataki nibishane tena."

Ng'ambo ile ilisikika mikeka ikikunjwa na mwanamke akimwita ngamia alale chini.

"Mnahama?" Osob akauliza.

"Kesho. Wanakwenda upande wa mpakani. Wanasema malka hii imeshakufa, afadhali watafute nyingine sasa kuliko kuja kukwama na watoto kwenye kiangazi."

"Mpakani ni mbali, mwanangu. Gari la asubuhi halifiki huko."

"Halifiki," Yurub alisema. Akaongea haraka, kama mtu aliyeagizwa maneno na anataka kuyamaliza. "Kesho usiende stendi, hooyo. Hakuna maziwa."

"Mpaka lini?"

"Hawajaniambia."